Zeze Halitui Chini

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba, siku ya kumi na moja ya mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu, saa nne na robo asubuhi. Dagdu anaikumbuka saa kwa sababu alikuwa ameinamia tanuru lake, anachekecha mchanga moto kutoka kwenye karai la nne la bisi za mchele, na redio ya muuza chai wa jirani ndiyo kwanza ilikuwa imemaliza taarifa ya habari. Akasikia kelele upande wa hekalu. Akadhani ni furaha. Mjini Dorkhed, siku ya sikukuu ya Baba Limbaji, mtakatifu wa mji, kelele zote hudhaniwa ni furaha mpaka mtu aletwe amebebwa.

Aliyeletwa amebebwa alikuwa Hausabai, mke wake wa miaka thelathini na nane.

Alikuwa kwenye foleni ya wanawake tangu alfajiri, chungu cha mrihani kichwani, kama alivyofanya kila mwaka tangu aolewe. Foleni ile hupita katikati ya vyuma kama ng'ombe wanaopelekwa kuogeshwa, mpaka langoni. Saa nne lango likafungwa, mnyororo ukapitishwa, kufuli likabanwa, ili mgeni mmoja mkubwa aingie kwa mlango wa pembeni na wakwe zake wapige picha kwenye kaburi la Baba bila kusukumwa. Walio mbele waliona. Walio nyuma hawakuona. Habari ya lango lililofungwa haitembei kurudi nyuma kwenye foleni. Kinachotembea ni miguu, na miguu iliendelea kuja kutoka darajani. Watu kumi na mmoja walivunjika mbavu. Hausabai alikufa amesimama. Hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Chungu cha mrihani hakikumwaga hata chembe ya udongo.

Karatasi ya kamati ya hekalu ilisema moyo wake ulisimama.

"Na wa nani hausimami akifa?" Dagdu alimuuliza karani aliyemsomea. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la tatu, siku baba yake alipomkabidhi chekeche.

Siku ya kumi na tatu ya matanga alikuja Vilasrao, mwenyekiti wa kamati, mtu wa nguo nyeupe zisizojua vumbi. Alikuja na shali, nazi, na kijana wa kamera. Akamvika Dagdu shali mabegani, akamtia nazi mkononi, akageuza uso upande wenye mwanga.

"Mama yetu amepata bahati," alisema. "Kufia mlangoni kwa Baba! Wangapi wanaomba kifo kama hicho na hawakipati?"

"Saheb, wewe umeshakiomba?"

Kijana wa kamera akakohoa.

"Nina swali moja tu," Dagdu akaendelea. "Nani alisema lango lifungwe?"

"Hayo ni maswali ya uchungu, mzee. Uchungu utapoa."

Haukupoa. Dagdu alikwenda ofisini kwa kamati mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa mwenyekiti yuko safarini. Mara ya pili aliambiwa mwenyekiti yuko kwenye ibada, na huku anamsikia akicheka chumba cha pili. Mara ya tatu karani alimwonea huruma, akamnong'oneza, "Mzee, amri ilitoka juu."

"Juu wapi? Mimi nikitazama juu naona bendera ya hekalu na kunguru. Ni kunguru aliyefunga?"

Mara ya nne mlinzi hakumruhusu kuvuka kizingiti.

Ile nazi aliiweka kwenye rafu juu ya tanuru. Hakuivunja, hakuila, hakuitoa sadaka. Joto la mwaka mzima likaikausha, maji yakaisha, nyama ikabanduka ndani. Ukiitikisa ilikuwa inagonga kama njuga. Shali alimfunika nayo mbuzi.

*

Anayejua habari za Baba Limbaji anajua kwamba alikuwa msokota kamba, na wasokota kamba enzi zile hawakuruhusiwa kuingia kwa mungu. Alisimama nje ya lango siku saba na zeze shingoni, akiimba. Hata kuliweka zeze lake chini walimkataza, uwanja usije ukanajisiwa. Basi hakuliweka. Ndiyo maana hadi leo, siku saba za sikukuu, zeze lake halitui chini, mchana wala usiku. Kila nyumba ina saa yake. Anayelivaa husimama, haketi, haegemei nguzo, na kidole hakiachi uzi. Wala hajivui mwenyewe. Huvuliwa na mwenzake. Anayepokea humwinamia anayetoa, anamgusa miguu, na anayetoa naye huinama vilevile, ndipo zeze linapohama shingo. Maskini amewahi kuguswa miguu na tajiri kwa ajili ya zeze lile, ingawa si mara nyingi, kwa sababu matajiri zamu zao huwatuma watumishi.

Nyumba ya Dagdu ilikuwa na saa ya mwisho ya siku ya mwisho. Walipewa kwa sababu ya bisi. Chungu cha maziwa mgando kinachopasuliwa kufunga sikukuu hujazwa bisi za tanuru lao, tangu babu yake. Zamu ikiisha, mzee wa waimbaji humvua zeze mtu wa bisi, analitia kwenye sanduku lake, chungu kinapasuliwa, kila mtu anapata konzi yake, anakwenda zake kwao.

Siku nne kabla ya sikukuu ya mwaka uliofuata, binti yake Shaku alikuja. Hakuketi. Shaku na mumewe walikuwa na meza ya maua kwenye ngazi za hekalu, na meza ile ilisimama pale kwa ridhaa ya kamati.

"Baba, wameniita ofisini."

"Wamekupa shali?"

"Baba, usifanye mzaha. Wamesema wewe umechoka. Wamesema saa yetu mwaka huu apewe mtu mwingine."

"Nani amesema?"

"Wao."

"Wao nani? Mji huu kila kitu kinafanywa na Wao. Wao walifunga, Wao wamesema, Wao wamechoka kwa niaba yangu. Siku moja nataka nimwone huyo Wao, nimuulize mama yake alimpa jina gani."

Shaku akakaa sasa, kwenye gunia la mchele, ghafla kama aliyekatwa miguu.

"Unadhani mimi sina uchungu?" alisema. "Alikuwa mama yangu kabla hujajua hata kunibeba vizuri. Lakini nina watoto wawili na meza moja. Ukiwachokoza, meza itaondoka kesho yake. Kisha nitauza nini, machozi?"

Dagdu alichota bisi kwenye chekeche, akazimimina kwenye upande wa nguo aliojifunga bintiye, kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo.

"Sitatukana mtu," alisema. "Sitarusha jiwe. Nitasimama tu."

"Baba, kusimama kwako kunaniogopesha kuliko mawe."

Kwenye kona, karibu na mtungi, kilikuwepo chungu cha mrihani cha Hausabai. Dagdu alikuwa akikimwagilia kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Shaku alikitazama, akachuma jani moja, akalitafuna, akaondoka bila kuaga.

*

Siku ya mwisho Dagdu alioga, akavaa nguo nyeupe ambayo Hausabai aliishona kiraka begani, akabeba gunia la bisi kichwani na nazi mfukoni. Mlinzi wa ngazini alimtazama, akatazama gunia. Mtu anaweza kumzuia Dagdu. Bisi za Baba hakuna wa kuzizuia. Akapita.

Mbele ya lango kuna uwanja wa mawe. Hapo ndipo zeze husimama, kwa sababu Baba mwenyewe alisimama hapo. Upande huu waimbaji na matoazi yao, upande ule foleni ya wanawake ndani ya vyuma vyake, na leo pia ilikuwa imefika darajani. Aliyekuwa na zeze saa hiyo alikuwa Nivrutti, fundi cherehani, mzee kuliko Dagdu kwa miaka sita, magoti yanatetemeka kama ya ndama.

"Mama, umekuja," alisema Nivrutti. Mahujaji wa Baba Limbaji huitana mama wote, mwenye ndevu na asiye nazo.

"Nimekuja, mama. Hawakukwambia usinipe?"

"Waliniambia. Wakamleta na kijana mmoja wa kupokea, amejipaka manukato, ukimkaribia unapiga chafya. Nikamwambia, mwanangu, saa hii ni ya bisi; wewe unakaanga nini? Akaenda kuuliza ofisini. Harakaharaka, kabla hajarudi."

Wakainamiana. Nivrutti alichelewa kuinuka, Dagdu akamsaidia kwa kiwiko. Mshipi wa zeze ukahama shingo, bado una jasho la mzee.

"Angalia," Nivrutti akanong'ona, "umelivaa. Aliyelivaa hasemi uongo. Ndiyo maana wakubwa wa mji huu hawana muda nalo."

Saa nzima Dagdu alisimama na kidole kwenye uzi. Ting, ting, ting. Kijana wa manukato alirudi, akaona amechelewa, akarudi ofisini. Jua likapanda. Dagdu alilitazama lango, mnyororo wake ukining'inia upande mmoja umepakwa rangi ya dhahabu kwa ajili ya sikukuu. Wameupaka rangi, aliwaza. Mtu akiua kwa kisu huosha kisu. Hawa wamekipaka dhahabu.

Kengele ya saa ikalia. Mzee wa waimbaji akasogea, mikono imenyooshwa, kumvua.

Dagdu akarudi nyuma hatua moja.

"Bado, mama," alisema.

"Saa imeisha."

"Saa imeisha, swali halijaisha. Mwaka jana mahali hapa mke wangu Hausabai alikufa kwa sababu lango hili lilifungwa. Nataka kusikia jina la aliyesema lifungwe. Nikilisikia, nitainama, utanivua, na chungu kitapasuliwa. Nisipolisikia, nasimama. Baba alisimama siku saba. Mimi nina magoti mabovu, lakini siku mbili tatu ninazo."

Matoazi yakanyamaza. Mzee wa waimbaji alitazama huku na huku, kisha akafanya jambo lililomshangaza hata mwenyewe: akaketi chini.

Akaja mlinzi, yule aliyemzuia ofisini mara ya nne. "Mzee, lete hicho kitu."

"Chukua."

Mlinzi akanyoosha mkono. Mwanamke mmoja kwenye foleni akapiga ukelele. "Mkanda wa ngozi! Ngozi ni najisi, naye anataka kushika zeze la Baba!"

Mlinzi akaganda. Akautazama mkanda wake. Akaanza kuufungua, suruali ikaanza kuteremka, akaidaka.

"Vua tu, mwanangu," alisema bibi mmoja nyuma ya vyuma. "Mimi nimezaa saba, hakuna geni hapo."

Foleni nzima ikacheka. Kicheko kilitembea kurudi nyuma mpaka mbali, na Dagdu akakisikia kinavyokwenda, akakumbuka kwamba mwaka jana habari ya lango haikwenda hivyo. Mlinzi aliondoka ameshika kiuno.

Ndipo akaja Vilasrao mwenyewe.

Alikuja akitabasamu, viganja vimekutana kifuani, huku na huku simu zimeinuliwa juu kumpiga picha. Alikwishaona kwamba kumvuta mzee mwenye zeze mbele ya simu mia mbili si jambo la busara. Alikuwa na akili, mtu hapandi kiti kile bila akili.

"Mama," alimwita Dagdu, kwa sauti ya kusikika hadi ngazini, "mji mzima una njaa ya baraka. Wazee wamesimama juani. Wote hawa uwaadhibu kwa uchungu wako?"

"Wamesimama juani tangu alfajiri, Saheb, wala mimi sikuwasimamisha. Nitajie jina, waende kula."

"Uchunguzi unaendelea."

"Mwaka mzima? Hata ngamia huzaa, Saheb, ukimpa muda huo na kidogo."

Watu wakacheka tena, na safari hii tabasamu la Vilasrao lilipungua upande mmoja. Akawatazama waimbaji waliokaa. Akamtazama Nivrutti, ambaye alikuwa amegeuka anachunguza ukuta. Akaona kwamba hakuna atakayemvua mzee huyu, na kwamba kila dakika inayopita yeye ndiye anayeonekana mdogo. Basi akaamua jambo la fahari. Akavua viatu. Akafungua mkanda wake, suruali yake ilikaa vizuri, maana tumbo lilikuwa limeishika.

"Kama wengine wamechoka," alisema kwa simu zile, "mwenyekiti ni mtumishi wa kwanza. Nitalipokea mimi."

Akainama. Vilasrao, mwana wa nyumba kubwa kuliko zote Dorkhed, akainama mbele ya mkaanga bisi, akamgusa miguu yenye masizi. Uwanja ukavuta pumzi.

Dagdu alisita. Alikuwa ameahidi kusimama mpaka jina litajwe. Lakini desturi ni desturi: anayeinama hanyimwi. Na pale juu ya kisogo kilichopakwa mafuta cha Vilasrao, Dagdu akaona kitu ambacho hadi hapo hakuwa amekiona, wala Vilasrao hakukiona, kwa sababu hilo ni kosa la mtu ambaye hajawahi kusimama zamu maisha yake. Alijua jinsi ya kulipokea zeze. Jinsi ya kuliacha, watumishi wa baba yake ndio waliokuwa wakijua.

Dagdu akainama pia, akagusa miguu ile laini, akamvika.

Kisha akatoa mfukoni ile nazi iliyokauka, akaitikisa mara moja sikioni, ko, ko, akaiweka mbele ya vidole vya Vilasrao.

"Nazi yako, Saheb. Imepoa."

Vilasrao aligonga uzi mara tatu nne, akageuka na tabasamu kwa mzee wa waimbaji. "Haya mama, nivue tufunge."

Mzee wa waimbaji hakuinuka. "Magoti," alisema.

"Nivrutti!"

"Zamu yangu nimeshamaliza, Saheb. Mtu mmoja saa moja, ndivyo tulivyoachiwa."

"Wewe kijana!" Kijana wa manukato alipiga hatua moja, akaona uwanja mzima unavyomtazama, akairudisha hatua yake mahali alipoitoa.

Kidole cha Vilasrao kilikuwa kinaendelea, maana hakiwezi kuacha. Ting. Ting. Jasho la kwanza likaonekana kwenye nguo nyeupe. Mtu hajivui, huvuliwa. Wangeweza kuisimulia hadithi hii vijiji arobaini kama angelitupa chini, na vyote arobaini ni vijiji vinavyokuja hapa kila mwaka na vinavyompigia yeye kura.

Ndipo macho yake yakampata Shaku kwenye ngazi, nyuma ya meza ya maua.

"Binti," aliita, sauti ya chini sasa, ya mtu anayekumbushia jambo. "Wewe ni wa nyumba ya bisi. Saa ni yenu. Njoo umalizie kazi ya baba yako. Unajua kamati inavyokujali."

Dagdu hakumtazama bintiye. Aliwaza watoto wawili na meza moja, na hakuona ni kwa haki gani angemkataza.

Shaku alitoka nyuma ya meza yake. Alishuka ngazi polepole, watu wakampisha. Lakini kwanza aliinama chini ya meza, akainuka na kitu, na alipokaribia, Dagdu akakiona: chungu cha mrihani. Alipotoka yeye nyumbani alfajiri na gunia lake, Shaku lazima aliingia nyuma yake. Akakiinua akakiweka kichwani, akakishika kwa mikono miwili.

"Samahani, Saheb," alisema. "Mikono yangu imejaa. Nimeshika mrihani wa mama."

Akapita mbele ya mwenyekiti, hakwenda langoni, akaenda upande wa vyuma, akainamisha kichwa kidogo, akaingia kwenye foleni ya wanawake. Yule bibi wa watoto saba akamsogezea nafasi.

Ting, lilisema zeze. Ting. Lilikuwa linachelewa sasa kati ya mlio na mlio.

Dagdu hakuwa na kitu tena mikononi. Aliuona mnyororo wa dhahabu, akauona mrihani wa mkewe ukiwa palepale mahali pake pa mwaka jana, wima. Alimsogelea Vilasrao mpaka wakawa karibu kama watu wanaoamkiana.

"Sasa umelivaa," alisema. "Aliyelivaa hasemi uongo. Mimi mwenyewe nitainama, nitakuvua, sasa hivi, mbele ya wote. Nijibu tu. Nani alisema lango lifungwe?"

Vilasrao aligonga uzi, akazitazama simu zilizoinuliwa.

"Mzee amesema nini?" akauliza mwanamke wa tatu kwenye foleni.

"Amemuuliza nani alisema lango lifungwe," akajibu Shaku, akageuka, akamwambia wa nyuma yake. Wa nyuma akamwambia wa nyuma. Swali likapita kati ya vyuma, likakata kona ya muuza chai, likateremka ngazi za mtoni, likaenda kinyume cha miguu yote, likafika darajani kwa watu ambao hata lango hawalioni. Kisha, baada ya muda, wakalisikia linarudi kutoka kule, limeshakuwa sauti moja:

"Nani alisema lango lifungwe?"